Mwalimu wa Kizungu cha Mkono

Kila nikimsikia mtu amesimama mbele ya walimu akieleza kwamba mtoto hujifunza lugha kwa kutenda, hasira hunipanda hadi naona heri nitoke nje. Si kwamba anasema uongo. Anasema kweli, na ndiyo maana nakasirika. Namfahamu mtu aliyeijua kweli hiyo zamani, wakati hawa wanaoieleza walikuwa hawajaisikia kwa yeyote, na hakuna karatasi hata moja iliyowahi kumshukuru. Mimi pia sitamtaja jina. Tulimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyohivyo. Habari za kuzaliwa kwake na za wazazi wake atazisimulia anayezijua. Mimi nilimjua darasani.

Alitufundisha Kizungu katika shule ya kanisa upande wa Iyolwa, miaka ile ya sitini ambapo bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya na kila mzazi alitaka mwanawe aseme Kizungu kabla ya pamba ya msimu ule kuvunwa. Cheti cha ualimu hakuwa nacho. Alikuwa na leseni, yaani karatasi ya kumruhusu kufundisha kwa mwaka mmoja, na kila mwaka mkaguzi kutoka Tororo alipaswa kuja kumwona akifundisha kisha aigonge mhuri. Mkaguzi akikataa, basi, hakuna ualimu tena. Aliiweka leseni hiyo ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya Biblia, na tulijua mwezi wa ukaguzi umekaribia kwa sababu Biblia ilianza kuja naye shuleni hata Jumatano.

Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza kitendo. Halafu kile kinachotendewa, kikiwa kimefupishwa kuwa kineno kidogo tu. Halafu hali ambayo kitu hicho kitakuwa nayo mwishoni. "Wipe it clean," kifute mpaka kiwe safi. "Keep it warm," kiweke kisipoe. "Push it open." "Make them wet." Aliziita sentensi za mafiga, na alipozitaja aligonga ubao kwa kifundo cha kidole mara tatu.

"Hii sentensi iko na mafiga tatu," alituambia. "Toa moja, sufuria naanguka, nyinyi wote nalala njaa."

Sheria yake ilikuwa moja: Kizungu ukikisikia, unakifanya. Hukai ukitafakari, humtazami jirani yako, humtazami hata yeye Mwalimu. Unainuka, unafanya, unarudi mahali pako, kisha unatoa taarifa kwa Kizungu kwamba umefanya. Aliyesema "Push it open" huku mlango umefungwa na yeye amekaa, Mwalimu alimkazia macho kama mtu aliyedanganya kanisani. Alisema Kizungu cha mdomo ni cha makarani, na makarani tayari wanatosha. "Mimi nafundisha Kizungu ya mkono," alisema, na hakuona aibu yoyote kwa maneno hayo.

Nasi tulifanya. Tulifuta madawati, tulilowesha sakafu ya udongo ili vumbi lilale, tulikata nyasi zikawa fupi, tulinoa majembe yakawa makali. Darasa letu lilikuwa safi kuliko ofisi ya hedimasta. Watoto wa madarasa mengine walitucheka kwamba sisi tunasomea ufagio. Lakini wao walikuwa wakiimba sentensi za ubaoni kutoka juu hadi chini bila kujua zinazungumzia nini, na walipotoka nje ya geti hawakuwa na neno hata moja la kubeba.

Kizungu hicho alikitoa jikoni, na hakulificha jambo hilo. Kabla ya ualimu alimpikia mhandisi mmoja wa reli pale Tororo kwa miaka tisa. Mke wa mhandisi hakujua lugha yoyote ya watu wa hapa wala hakutaka kujua, kwa hiyo kila kitu alikisema kwa Kizungu, na ukikosea alikurudishia. Mwalimu alitusimulia jinsi yai lilivyorudi kutoka mezani mara nne asubuhi moja, kwa sababu mama yule alisema lichemshwe likiwa laini naye alisikia tu neno la kuchemsha. Mara ya tano alilipata. Tangu siku hiyo, alisema, hakusahau kwamba neno la mwisho ndilo linaloamua kama utalala kwako au utafukuzwa.

Kulikuwa na jambo moja la jikoni ambalo hakulisimulia kwa kucheka. Alilisema mara moja tu, tukiwa tunapalilia, bila kutuangalia. "Huko waliniita boi," alisema. "Mimi iko na ndevu, iko na bibi, iko na watoto watatu, naitwa boi." Ndiyo maana leseni ile ilikuwa na uzito kwake kuliko mshahara wake, ambao ulikuwa mdogo hata kwa kipimo cha wakati ule. Leseni ndiyo iliyomfanya aitwe Mwalimu barabarani kutoka Iyolwa hadi kwao Buhehe, alipopita na baiskeli yake Jumamosi, na wazee waliompita kwa miaka bila salamu wakampisha njia.

Sasa niseme na yale yanayoniudhi kwake, maana sikukaa hapa kumpaka mafuta.

Mwaka mmoja, kwa juma zima, somo letu la Kizungu lilikuwa "Paint it white," na kilichopakwa kilikuwa nyumba aliyokuwa akiishi, karibu na shule. Tulichota maji, tukachanganya chokaa, tukapaka kuta zote nne ndani na nje. Chokaa iliniunguza vidole nikashindwa kushika kijiko. Baba yangu alipoviona vidole hivyo alitoka nyumbani bila hata kunawa matope ya shambani, akaja moja kwa moja, akasimama mbele ya Mwalimu na kumwambia kwamba yeye alimleta binti kusoma, hakumleta kumpakia nyumba mtu wa Buhehe. Mwalimu hakubishana. Aliniita, akanigeukia, akaniuliza kwa Kizungu tumeifanya nini nyumba. Nikajibu, "We have painted it white." Baba hakujua Kizungu, lakini alisikia kwamba mtoto wake ametamka kitu kirefu bila kukwama. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akaomba chokaa iliyobaki, akaibeba nyumbani kwenye debe, na jioni hiyo nikapaka ukuta wetu, nikisema ile sentensi kila alipopita jirani.

Baba alimsamehe papo hapo. Mimi nilichelewa, na hata leo sijui kama nimemaliza. Mtu mzima kuwatumia watoto wa watu kujipakia nyumba ni makosa, hata kama anawafundisha. Nilimwambia hivyo rafiki yangu mmoja juzi, akanijibu kwamba lakini nilijifunza. Ndiyo, nilijifunza. Vidole navyo viliungua. Sioni kwa nini moja lifute lingine.

Kuna na hili la pili, ambalo nililigundua nikiwa chuo cha ualimu. Siku ya kwanza mkufunzi alituambia kila mmoja aseme machache kujihusu. Nilisimama. Nilijua kusema kitu kiwekwe kikiwa na joto, kikatwe kiwe chembamba, kiachwe wazi, kifutwe kikauke. Kusema mimi ni nani, napenda nini, naonaje mambo, sikuweza. Nikaelewa pale pale kwamba Kizungu chote nilichokuwa nacho kilikuwa cha kuamrishwa. Mwalimu alikipokea akiwa nyuma ya mlango wa jikoni na ndivyo alivyotukabidhi. Nilimkasirikia muhula mzima, nikiwa peke yangu kitandani nikimjibu maneno makali ambayo hakuwahi kuyasikia. Hasira ile iligeuka polepole. Nilianza kuwauliza wenzangu waliosomeshwa kwa vitabu vizuri, nikaona wao hata amri hawakuwa nazo, walikuwa na kurasa tu. Mimi kurasa nilijifunza baadaye kwa miezi michache. Mkono nilikuwa nao tayari.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alichukia uongo, lakini kila muhula alimwambia hedimasta kwamba amekimaliza kitabu cha serikali, ilhali kitabu hicho kilishikilia dirisha lisijifunge. Hakumpiga mtoto hata siku moja, katika shule ambayo viboko vilikuwa vingi kuliko chaki, lakini ulimi wake ulikuwa unaumiza na aliutumia kwa wanyonge na wenye nguvu sawasawa. Alitufundisha kuchemsha, kukaanga na kuoka, akiwa na vijiti na vifuniko vya bati vya kuigiza, lakini chakula halisi tulichopika sisi hakukigusa. Alikionja kwa macho, akasema kimeiva au hakijaiva, akaenda zake kula mihogo yake mwenyewe.

Kututania na kutugombeza alifanya kwa Kiswahili. Hakukuwa na lugha nyingine. Darasani tulikuwa sisi Wapadhola wengi, Wasamia kidogo, Wateso kidogo, na yeye Msamia, kwa hiyo uani ilitawala ile lugha ya soko la Busia ambamo kila kitu ni "ya" na kila mtu "nakwenda." Miaka mingi baadaye nilipopata kazi upande wa Kenya, walimu wenzangu walinicheka mpaka nikanyoosha Kiswahili changu hiki ninachoandikia. Lakini nikimkumbuka namsikia kwa kile cha zamani, na nikikinyoosha kinywani mwake nitakuwa namsema mtu mwingine.

Siku moja aliandika ubaoni "Make me happy." Nifurahishe. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akakunja mikono, akangoja. Tulitazamana. Hii haikuwa sentensi ya dirisha wala ya jembe. Msichana mmoja alimpa pera, akalipokea, akasema, "Bado." Mvulana mmoja mrefu alicheza ngoma mbele yake mpaka jasho likamtoka. "Bado." Mwingine alimwimbia wimbo wa kanisa. Kengele ikakaribia, na sote tulikuwa tumekata tamaa, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa sentensi kutushinda. Ndipo yule binti aliyekuwa wa mwisho darasani, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kujibu lolote, alipoinuka, akasema kwa Kizungu, taratibu, kwamba hawezi kumfurahisha kwa sababu hajui anataka nini. Alilisema lote bila mtu kumfundisha. Mwalimu alifunika uso kwa kiganja, na alipokiondoa tuliona amefurahi. Alimwambia aketi. Somo likaisha hivyo.

Mwalimu huyo ndiye mtu waliyemwandika kwamba hafai.

Mkaguzi alikuja mwaka wa pili baada ya bendera. Wa zamani alikuwa Mzungu aliyezeeka, aliyegonga mhuri bila kuvua kofia. Huyu alikuwa mtu wetu, kijana, amerudi kutoka masomoni ng'ambo, amevaa soksi ndefu nyeupe, na tulijivunia kumwona. Wazazi walifanya ilivyo desturi. Mgeni wa namna hiyo haondoki mikono mitupu, kwa hiyo walileta kuku watatu wazuri, wakawafunga miguu kwa kamba za mgomba, wakawalaza kivulini nje ya dirisha la darasa letu, wasubiri kupandishwa kwenye gari lake. Mkaguzi aliwaona alipokuwa akiingia, na alipendezwa nao.

Mwalimu alifundisha vizuri siku hiyo. Najua, maana mimi nami nimekaguliwa mara nyingi tangu hapo na najua somo zuri linavyokuwa. Lakini mkaguzi alisikiliza dakika chache tu, kisha akainua mkono kumsimamisha. Alisema, kwa Kiswahili ili hata sisi tuelewe, kwamba hicho ni Kizungu cha mpishi. Baadhi ya wakubwa waliosimama mlangoni wakacheka. Mwalimu akarudi nyuma ya darasa, akasimama ukutani, mikono mgongoni. Mkaguzi akatoa kwenye mkoba wake kitabu kipya cha jalada la kijani, akasema atatuonyesha sentensi hiyohiyo inavyofundishwa na watu waliosoma.

Alisoma habari ya mtu aliyefungua tundu na kumwachia ndege huru. Akaandika ubaoni: "Set it free." Alitaka tuelewe, na hakuwa na picha, kwa hiyo akatazama nje ya dirisha na akafurahia wazo lililomjia. Akawanyooshea kidole wale kuku. "Set them free," akasema kwa sauti ya kuamuru, akitungoja sote tuitikie kwa pamoja.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilikisikia Kizungu, nami nikakifanya. Niliinuka, na wawili wengine wakainuka nyuma yangu. Tulitoka, tukainama kivulini, tukafungua kamba za miguu, moja, ya pili, ya tatu. Kuku walikaa kidogo kama hawaamini, kisha wakakimbia. Wawili waliingia kwenye shamba la pamba, mmoja aliruka juu ya paa la kanisa. Nilirudi ndani nikiwa na vumbi magotini, nikasimama mahali pangu, nikatoa taarifa kama nilivyofundishwa. "We have set them free."

Sentensi ilikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyenipigia makofi. Hedimasta alikuwa tayari anakimbia kwenye pamba na tai yake begani, wazazi wakipiga kelele kutoka pande zote, na mkaguzi amesimama na chaki mkononi, amegeuka rangi, akiamini kwamba shule nzima imempangia dhihaka.

Waliniita ofisini. Hedimasta aliniuliza ni nani aliyeniambia niwafungue kuku wa mgeni. Mkaguzi alikuwa amekaa pembeni, kalamu imefunguliwa, harufu ya sabuni nzuri ikimtoka. Jibu lilikuwa moja, na sote watatu mle ndani tulilijua. Ni yeye. Alisema kwa mdomo wake, akanyoosha na kidole. Nilimtazama, akanitazama, na nikaona kwamba anangoja. Sikuwa na umri wa kumwambia mtu wa soksi nyeupe kwamba ni wewe.

"Ni Mwalimu," nikasema.

Akaandika. Na hapo ndipo hasira yangu imekaa mpaka leo, sina haja ya kuificha. Nimejilaumu vya kutosha, nikiwa msichana na nikiwa mtu mzima, lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye hofu. Yeye alikuwa mtu mzima, msomi, mwenye kalamu, na alijua wazi kwamba neno lile lilikuwa lake. Aliliandika akambebesha mtu mwingine. Kama si wizi huo, sijui wizi ni nini.

Barua ilifika baada ya majuma matatu. Hedimasta aliisoma mbele ya kamati ya shule, wazazi wakiwepo, kisha akaitafsiri: kwamba mwalimu huyu anawafanya wanafunzi kuwa watumishi wa nyumbani, kwamba hana elimu, na kwamba "we find him unsuitable," tumemwona hafai, leseni yake haitagongwa mhuri. Kati ya wazazi wote waliopakiwa nyumba, waliolimiwa na kufagiliwa na Kizungu hicho, hakuna aliyesema neno. Baba yangu alikuwepo. Aliniambia usiku ule kwamba yeye si mtu wa kubishana na serikali, na mimi nikakataa kula chakula chake siku mbili. Mwalimu mwenyewe aliomba aione barua. Aliisoma, akaweka kidole juu ya yale maneno manne.

"Hii sentensi ni mzuri," akasema. "Mafiga yote tatu iko."

Akaikunja, akairudisha, akaenda kufunga mizigo yake kwenye baiskeli. Nyumba nyeupe ikachukuliwa na mwalimu mpya aliyekuwa na cheti, ambaye alitufundisha kile kitabu cha kijani tukiwa tumekaa.

Nilimwona tena mara moja tu, mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya sitini. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina cheti changu bado kinanukia wino, na sisi walimu wapya tuliitwa Tororo kwa semina ya siku tatu. Aliyesimama mbele yetu alikuwa yule yule mkaguzi, sasa amenenepa na amepandishwa cheo. Alikuwa na habari kubwa ya kutupa. Wataalamu wamegundua, alisema, kwamba mtoto hafai kuimba sentensi akiwa amekaa. Atende anachosema. Aseme anachotenda. Alituambia tuinuke, akatuamuru tufungue madirisha, tufute meza, tukitoa taarifa kila mara. Wenzangu walicheka kwa furaha na kuandika. Mimi niliufungua mkono wangu juu ya meza ili usikunje ngumi.

Wakati wa chakula nilitoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, nikapita nyuma ya ukumbi, penye jiko. Alikuwa pale, amejifunga aproni, anakatakata nyama. Nywele zimekuwa nyeupe. Tulitazamana.

"Mwalimu," nikasema.

Alipangusa mikono, akanitazama vizuri, akaiona beji ya semina kifuani kwangu. "Mwalimu," akanijibu, na alimaanisha mimi.

Nilikuwa nimelibeba jambo lile miaka mitano, kwa hiyo nililitoa bila salamu ndefu. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemtaja ofisini, kwamba nilijua si kweli, kwamba niliogopa. Alitikisa kichwa taratibu.

"Nilijua zamani," akasema. "Lakini wewe sikiliza. Siku ile mulisikia Kizungu, mukafanya. Mukarudi, mukasema vizuri. Mwalimu nataka nini ingine?"

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba, kama cheti changu ni cha kweli, cha serikali. Nilimwambia ndiyo. Alikwenda kwenye koti lililotundikwa msumarini, akatoa karatasi. Ilikuwa fomu ya kuomba leseni. Ilitaka sahihi ya mwalimu mwenye cheti atakayemdhamini. Alikuwa amekwenda kwa walimu wanne kwa miaka hiyo yote, na wote walimwambia arudi wiki ijayo. Niliitandaza juu ya ubao wa kukatia mkate, nikaweka sahihi, nikaandika jina la shule yangu kwa herufi kubwa. Nikamwambia angoje hapohapo, mkaguzi yuko mezani, nitampelekea mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa anakula kwa starehe. Nilimwekea fomu kando ya sahani. Alilisoma jina, na uso wake haukubadilika hata chembe. Hakulikumbuka. Alinirudishia akitabasamu, akasema leseni hizo zilifutwa tangu mwaka juzi. "Hatuhitaji tena watu wa namna hiyo," alisema. "Sasa tunawapata ninyi."

Nilimwambia kwamba hii njia yake mpya mimi nimeijua tangu utotoni, kwamba aliyenifundisha ni mpishi wake, yuko hapo nyuma, na kwamba yeye mwenyewe alimfukuza kwa sababu ya njia hiyohiyo. Niliyasema yote, kwa sauti, mbele ya meza nzima. Alicheka. Waliokuwa karibu naye wakacheka. Aliniambia mimi ni mwalimu mwenye utani, nitafika mbali, kisha akaniomba niulize jikoni kama nyama ingalipo.

Nilirudi. Mwalimu alikuwa amevua aproni, amevaa lile koti, amelifunga vifungo vyote, na amesimama karibu na mlango akingoja kuitwa. Aliitazama karatasi mkononi mwangu. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalirudisha koti msumarini, akajifunga aproni.

"Nyama walisema namna gani?" akaniuliza.

Nilimwambia ni nzuri, wanataka zaidi.

Alijaza sahani, akaipangusa ukingoni kwa kitambaa, akanipa. "Peleka hii, Mwalimu. Mimi nakuja na chai."

Nikaipeleka. Angekuwa mtu mwingine yeyote aliyenituma niwapelekee nyama watu wale, ningeimwaga.